Ludwig Guttmann: mganga aliyekataa waliovunjika mgongo wafe kwa maradhi ya mkojo

Mwaka 1917, katika hospitali ya wachimba makaa ya mawe mjini Königshütte, eneo la Silesia lililokuwa wakati huo sehemu ya Ujerumani, aliletwa kijana mchimbaji aliyevunjika uti wa mgongo. Miguu haikusogea tena na mkojo haukutoka wenyewe. Waganga walimzungushia pazia ili wagonjwa wengine wasimwone, wakaelezana kwamba ndani ya wiki sita atakuwa amekufa. Alikufa wiki ya tano. Mfupa uliovunjika haukumuua. Kilichomuua ni vidonda vya kulala upande mmoja na mkojo uliokaa kibofuni ukaota vijidudu, hadi sumu ikaingia kwenye damu.

Pembeni alikuwepo msaidizi wa kujitolea mwenye umri wa miaka 18 hivi, aliyekuwa akiandika taarifa za wagonjwa. Jina lake Ludwig Guttmann. Miaka 27 baadaye alipewa wodi yake mwenyewe ya watu waliopooza, na hakutaka kuona hata mmoja wao akifichwa nyuma ya pazia.

Mjini Kolwezi habari ya namna hii haihitaji maelezo marefu. Jimbo la Lualaba linaishi kwa shaba na kobalti, na tangu Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya 1990, maelfu ya vijana wameshuka mashimoni kwa koleo na sururu, hata ndani ya viwanja vya nyumba kama ilivyotokea mtaa wa Kasulo. Tarehe 27 Juni 2019 ardhi ilipoporomoka katika machimbo ya KOV, watu wasiopungua 40 walikufa. Wafu huhesabiwa na kuzikwa. Anayetolewa shimoni akiwa hai, lakini hasikii chochote kuanzia kiunoni kwenda chini, huwa hatajwi tena kwenye habari. Vita yake inaanzia kitandani, na sehemu kubwa ya vita hiyo ni mkojo.

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, leo Toszek nchini Poland, mtoto wa kwanza katika familia ya Kiyahudi. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake walihamia Königshütte, mji wa migodi na viwanda vya chuma ambao leo unaitwa Chorzów. Alikulia kati ya watu waliotoka kazini wakiwa weusi kwa vumbi la makaa, na ajali za mgodi zilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Alianza masomo ya uganga Breslau mwaka 1918, akayaendeleza Freiburg na kupata shahada yake mwaka 1924.

Alitaka kuwa daktari wa watoto. Nafasi haikupatikana, akaelekezwa kwa Otfrid Foerster, bingwa wa mishipa ya fahamu mjini Breslau, mtu aliyewahi kuitwa hadi Urusi kumtibu Lenin. Foerster alikuwa mkali na alifanya kazi bila kuchoka. Guttmann alijifunza kwake upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na inaonekana alichukua ukali pia. Mwaka 1928 alikwenda Hamburg kuongoza huduma ya upasuaji wa ubongo, na mwaka uliofuata Foerster akamwita arudi awe msaidizi wake wa kwanza.

Kisha Hitler akaingia madarakani. Mwaka 1933 sheria mpya iliwafukuza waganga Wayahudi kwenye hospitali za serikali. Guttmann akahamia Hospitali ya Wayahudi ya Breslau, na mwaka 1937 akachaguliwa kuwa mganga mkuu. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa na wanaume Wayahudi kukamatwa mitaani, aliamuru kila mwanaume atakayebisha hodi hospitalini apokelewe bila maswali. Kesho yake maafisa wa usalama walikuja kuuliza ilikuwaje watu 64 wakaugua usiku mmoja. Alitembea nao kitanda hadi kitanda akimtajia kila mmoja ugonjwa wake, mingine akiibuni palepale. Watu 60 waliepuka kupelekwa kambini.

Kutoroka kwake kulitokana na bahati ya ajabu. Wayahudi walikuwa wamenyang'anywa pasipoti, lakini wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani ilimpa yeye ruhusa ya kusafiri hadi Ureno kumtibu rafiki wa mtawala António Salazar. Akirudi alipitia London, ambako jumuiya iliyokuwa ikiwasaidia wasomi wakimbizi ilimwambia kwamba visa zilikuwa tayari. Tarehe 14 Machi 1939 aliingia Uingereza pamoja na mkewe Else na watoto wao wawili, Dennis na Eva. Jumuiya hiyo iliwapa pauni 250 za kuanzia maisha. Familia ilipokelewa Oxford, na mtu aliyekuwa akiongoza hospitali nzima akawa mtafiti mkimbizi asiyeruhusiwa kushika mgonjwa kwa uhuru. Mambo haya watu wa mashariki mwa Kongo wanayajua vizuri: mwalimu anayefika kambini anaitwa mkimbizi tu, hata akiwa na diploma yake mkononi.

Vitanda 26

Mwaka 1943 serikali ya Uingereza ilikuwa ikijiandaa kuvamia pwani ya Ufaransa na ilijua majeruhi wengi watakuja. Wanajeshi waliovunjika mgongo walikuwa wakitawanywa huku na huko, na hakuna aliyetaka kuwashughulikia. Katika Vita Kuu ya Kwanza takriban wanane kati ya kumi walikufa mapema, wengi kwa vidonda vya kulalia na maambukizi yaliyoanzia kibofuni. Guttmann aliombwa aanzishe kituo maalumu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba awatibu kwa njia yake bila kuingiliwa. Tarehe 1 Februari 1944 kituo cha Stoke Mandeville kilifunguliwa karibu na mji wa Aylesbury, kikiwa na vitanda 26 na watumishi wachache.

Ili kuelewa alichofanya, ni lazima kujua kibofu kinavyopotea mtu anapovunjika mgongo. Kibofu hupokea amri kutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, na sehemu hiyo nayo husimamiwa na ubongo. Njia hiyo ikikatika, kwanza kibofu kizima hulala kwa wiki kadhaa. Kinajaa, kinavimba, wala mtu hasikii haja. Kisichotolewa mkojo hutanuka kupita kiasi, misuli inalegea moja kwa moja, na mkojo huanza kuvuja matone huku ndani kukiwa bado kumejaa. Ndugu wakiona matone hayo hufikiri mgonjwa anakojoa vizuri. Hapana, hiyo ni dalili ya tenki linalofurika.

Baada ya wiki hizo, kwa walioumia juu, kibofu huamka lakini bila bwana wa kukiamuru. Kinakaza ghafla, na mara nyingi mlango wake unafunga wakati huohuo. Mkojo ukikosa pa kutokea husukumwa kurudi juu, na figo zinaanza kufa polepole bila maumivu. Walioumia chini kabisa, karibu na mkia wa uti, hubaki na kibofu kilicholegea daima. Kwa hiyo watu wawili wenye viti vya magurudumu vinavyofanana wanaweza kuwa na vibofu tofauti kabisa, na kumwiga jirani si tiba.

Wakati wa Guttmann, desturi ilikuwa kutoboa tumbo chini ya kitovu na kupitisha bomba, au kuacha mpira wa mkojo ndani kwa wiki na miezi. Huo mpira ndio ambao hospitali nyingi za Kongo zinauita sonde, kwa Kifaransa. Ukikaa ndani muda mrefu, vijidudu hupanda juu yake kama sisimizi kwenye kamba. Mawe hujijenga kibofuni, kibofu chenyewe husinyaa, na njia ya mkojo ya mwanaume huchubuka hata kutoboka. Marekani, Donald Munro wa Boston alikuwa ameshaonyesha tangu miaka ya 1930 kwamba wagonjwa hawa wanaweza kuokolewa, lakini mabomba yake ya kuosha kibofu mfululizo yalitaka vifaa na uangalizi mwingi.

Guttmann alichagua njia ambayo ukiitazama ni rahisi, ila inachosha wanaoifanya: ingiza mpira, toa mkojo wote, ondoa mpira, rudia baada ya saa kadhaa. Kibofu kinajaa na kuisha, kinajaa na kuisha, karibu kama Mungu alivyokiumba. Hakuruhusu kazi hiyo ifanywe ovyoovyo. Katika wiki za mwanzo mganga mwenyewe ndiye aliyeingiza mpira, uso ukiwa umefunikwa, mikono ikiwa na glavu safi, bila kugusa sehemu ya mpira inayoingia mwilini. Waganga vijana waliosomea upasuaji mkubwa walinung'unika kuamshwa usiku kwa kazi waliyoiona ya mforomo. Walinyamazishwa.

Kwa upande wa ngozi alikuwa vilevile. Alizitupa plasta za mwili mzima zilizokuwa zikiozesha migongo, akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Alizunguka wodini saa za usiku bila kutangaza kuhakikisha limefanyika. Alipiga kelele, alifukuza watu, aligombana na wakubwa. Wagonjwa walimwita Poppa, jina la mapenzi, ingawa wengine walimwogopa kuliko walivyomwogopa adui vitani.

Hesabu zilimpa haki. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Hans Frankel walichapisha taarifa za wagonjwa 476 waliotibiwa kwa njia hiyo kwa muda wa miaka 11, na zaidi ya nusu yao waliondoka hospitalini mkojo wao ukiwa hauna vijidudu kabisa. Kabla ya hapo, karibu kila mtu aliyepooza aliishi na mkojo wenye usaha, na waganga waliichukulia kuwa hali ya kawaida.

Kuna ugunduzi mwingine wa Stoke Mandeville ambao huenda umeokoa maisha mengi zaidi ya unavyosifiwa. Mwaka 1947 Guttmann na David Whitteridge walieleza kinachotokea kibofu kikijaa kupita kiasi kwa mtu aliyeumia juu ya usawa wa katikati ya kifua. Yeye hasikii kibofu, lakini mwili unasikia. Shinikizo la damu linapanda ghafla, kichwa kinagonga kama nyundo, uso unakuwa mwekundu na jasho linatoka juu ya sehemu iliyoumia, mapigo ya moyo yanapungua. Asiposaidiwa anaweza kupasukwa na mshipa wa ubongo. Nyumbani mtu anaweza kudhani ni malaria, akakimbilia vidonge. Kinachotakiwa ni kumkalisha wima, kumlegezea mkanda na nguo, na kutafuta mara moja kama kibofu kimejaa au kama mpira umejikunja au kuziba. Kama sicho, basi choo kikubwa kilichoganda, au kidonda. Hali isipotulia, ni hospitali bila kungoja asubuhi.

Sabuni na maji

Njia ya Guttmann ilikuwa na tatizo moja: ilijengwa kwa ajili ya hospitali yenye waganga wa kutosha. Mgonjwa akirudi kijijini, nani atavaa glavu safi mara tano kwa siku? Jibu lilitoka Marekani. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan aliandika kwamba si lazima mpira uwe umeuawa vijidudu vyote; inatosha uwe msafi, na mgonjwa anaweza kujiingizia mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kinachoachwa kivimbe hukosa damu ya kutosha kwenye kuta zake, ndipo vijidudu vinaposhinda. Kutoa mkojo kwa wakati ni muhimu kuliko usafi wa chumba cha upasuaji. Waganga wengi walimcheka. Leo hiyo ndiyo njia inayopendekezwa duniani kwa mtu mwenye mikono inayofanya kazi.

Kwa mtu wa Kolwezi, Likasi au Fungurume, hapo ndipo historia hii inapogusa mfuko. Anahitaji sabuni, bidoni la maji safi, mafuta laini ya kulainishia yanayotolewa hospitalini, na mipira midogo ya kutumia. Mikono inaoshwa, sehemu za siri zinaoshwa, mpira unaingizwa mpaka mkojo utoke, unaachwa hadi mkojo uishe, kisha unatolewa taratibu. Hufanyika mara 4 hadi 6 kwa siku, kwa saa zinazojulikana, ili kila mara usitoke zaidi ya nusu lita. Pale mipira mipya haipatikani kila siku, watu wengi huuosha uleule kwa sabuni na maji yanayotiririka, wakaukausha na kuuweka kwenye kikopo safi. Hatua ya kwanza lazima ifundishwe na mforomo au mganga, si jirani, kwa sababu njia ya mwanaume ikichanika mara moja kovu lake linabaki.

Kosa linalorudiwa mno ni kuacha kunywa maji ili mkojo upungue. Mkojo mzito hutengeneza mawe. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, zikigawanywa asubuhi hadi jioni na kupunguzwa kabla ya kulala, hufaa watu wengi, ingawa mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi cha mganga wake. Kosa jingine ni kununua antibiotiki kila mkojo unaponuka. Mtu anayetumia mpira karibu daima ana vijidudu kidogo, na kuvipiga dawa bila homa wala dalili huvifundisha kushinda dawa. Dalili za kweli kwa asiyesikia maumivu ni homa, miguu kurukaruka kuliko kawaida, kuvuja kusikokuwepo jana, mwili kuchoka ghafla na mkojo wa mawingu, au damu. Homa ya aliyepooza isiachwe iitwe malaria kabla mkojo haujapimwa.

Wapo wanaolazimika kubaki na mpira wa kudumu, hasa waliopooza mikono pia. Kwao mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, mpira usivutwe na godoro, na ubadilishwe kwa ratiba ya hospitali, si pale tu unapoziba. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zenye kipato kidogo maambukizi ya mkojo na vidonda vya kulalia bado yako miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu walioumia uti wa mgongo. Katika nchi tajiri figo si tena muuaji wa kwanza. Tofauti hiyo haikuletwa na mashine za ajabu. Sehemu kubwa ni mipira, sabuni, kugeuzwa kitandani, na mtu wa kufundisha.

Mishale

Guttmann hakuridhika mgonjwa awe hai tu. Alitaka afanye kazi na kulipa kodi. Alifungua karakana ya useremala na kutengeneza saa ndani ya hospitali, na akaleta michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, watu 16 waliopooza, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kurusha mishale kwenye uwanja wa nyasi wa Stoke Mandeville. Upinde ulikaza mabega na mgongo, sehemu zilizobaki na uhai.

Mashabiki wa michezo husimulia siku hiyo bila kutaja kibofu, na hapo wanaacha nusu ya hadithi. Mtu ambaye nguo zake zinalowa kila saa hatoki nyumbani, sembuse kupanda basi kwenda kushindana. Walioweza kukaa uwanjani mchana mzima waliweza kwa sababu walikuwa wameshajifunza saa za mkojo wao.

Mwaka 1952 timu ya Uholanzi ilikuja, na mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 wachezaji wapatao 400 walikutana Roma, katika mashindano yanayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kenya na Uganda ziliingia mwaka 1972, kule Heidelberg nchini Ujerumani, nchi iliyokuwa imemfukuza mwanzilishi wake.

Mwaka 1961 Guttmann alikuwa rais wa kwanza wa chama cha kimataifa cha waganga wa kupooza. Mwaka 1966 Malkia alimpa cheo cha Sir, na mwaka huohuo akastaafu, ingawa hakukaa nyumbani. Alichangisha fedha za uwanja wa michezo uliofunguliwa Stoke Mandeville mwaka 1969, na mwaka 1973 akatoa kitabu kikubwa cha tiba ya uti wa mgongo. Alipatwa na ugonjwa wa moyo mwishoni mwa mwaka 1979, akafariki tarehe 18 Machi 1980 akiwa na miaka 80.

Paralimpiki ilirudi Uingereza mwaka 2012, ikafanyika London. Kinyago cha mashindano kilipewa jina Mandeville, kutokana na hospitali ile ya vitanda 26. Na kati ya mataifa yaliyopita uwanjani usiku wa ufunguzi ilikuwemo, kwa mara ya kwanza kabisa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.